Sinagogi la Kochi, Jirani wa Hekalu



Tumeombwa tuseme machache juu ya nyumba za ibada zilizodumu. Tumechagua nyumba ya Wayahudi iliyopo Mattancherry, katika mji wa Kochi, ambako baadhi yetu tulifika tukiwa katika hija ya kusini mwa India.

Sinagogi hilo lilijengwa mwaka 1568 kwenye ardhi waliyopewa na Raja wa Kochi, ubavuni mwa jumba lake na hekalu lake. Wareno waliliharibu mwaka 1662. Waholanzi walipoutwaa mji, likakarabatiwa. Katika karne ya 18 mfanyabiashara Ezekiel Rahabi alilijengea mnara wa saa. Uso wenye tarakimu za Kiebrania ulielekea sinagogi, wa Kimalayalam ulielekea jumba la Raja, na wa Kirumi ulikuwa wa wafanyabiashara wageni. Sisi watu wa dukani jambo hilo lilitufurahisha mno.

Mlangoni tulivua viatu, kama tuvuavyo hapa. Sakafu ni ya vigae vya China, vyeupe vyenye michoro ya buluu, kila kimoja kimechorwa kwa mkono. Juu zinaning'inia taa za vioo kutoka Ubelgiji.

Mwaka 1968, lilipotimiza miaka 400, Waziri Mkuu Indira Gandhi alihudhuria sherehe. Hata hivyo, Wayahudi wengi wa Kochi walikuwa wamekwisha kuhamia Israeli. Ibada yao ya jamaa hutaka wanaume kumi, na idadi hiyo ikawa shida kuipata.

Lakini humohumo, kwa vizazi vingi, wazao wa watumwa walioachwa huru hawakuruhusiwa kuketi pamoja na wenzao, ingawa walikuwa wa dini moja. Mmoja wao, wakili Abraham Barak Salem, alipinga kwa njia ya Gandhi, bila mabavu, na polepole vizuizi vikalegea. Wakati huo watu walikuwa bado wapo. Baadaye viti vilibaki vitupu.

Nasi tukiri. Watoto wetu wako Leicester na Toronto, na safu za mbele hapa zimepungua. Na kwa miaka mingi majirani waliotusaidia kupamba uwanja huu wakati wa Diwali waliishia langoni. Kamati imekubali kuwa kuanzia kesho mlango wa barabarani utakuwa wazi wakati wa sala ya jioni. Majirani, karibuni ndani. Viatu viacheni barazani, yupo mzee wa kuviangalia.