NCHI JIRANI: WALIOKATWA PICHANI

Mwezi Januari 2019 kijana wa Kampala, Vanessa Nakate, alisimama barabarani na bango, akidai dunia ikomeshe uharibifu wa hali ya hewa. Mwaka mmoja baadaye alifika Davos, Uswisi, akapigwa picha pamoja na vijana wanne wa Ulaya. Shirika moja la habari liliitoa picha hiyo huku yeye, Mwafrika pekee, amekatwa. Alipolalamika mitandaoni, dunia ilimsikia, na shirika hilo likaomba radhi.

Kisa hicho kina uzito. Afrika huchangia sehemu ndogo mno ya moshi unaoipasha dunia joto, lakini haisalimiki. Mwezi Mei 2020 mito ya Kasese, magharibi ya Uganda, ilivunja kingo zake na kuikumba hata hospitali ya Kilembe. Maafa ya namna hiyo yanapozuka, wanajeshi na polisi ndio huitwa kuokoa. Kwa hiyo madai ya vijana yanawahusu askari pia.

Silaha ya vijana hao ni simu. Julai 2018 Uganda ilianza kuwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku. Mwaka 2021 iliifuta kodi hiyo, ikaweka nyingine ya asilimia 12 juu ya intaneti. Mkulima wa Kasese asiyemudu gharama hizo hawezi kuisimulia dunia yaliyompata. Huyo naye amekatwa pichani.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.