Meli Ilipakwa Grisi, Watu Hawakuandikwa



Tumeombwa kuzungumza juu ya vita na kumbukumbu, nasi tumeona tuanze na chombo ambacho baadhi yenu mliofika Kigoma mmekiona kwa macho, yaani meli ya Liemba. Hapo kwanza iliitwa Graf von Goetzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa kwa njia ya Dar es Salaam. Ilishushwa majini Februari 1915, vita ikiwa imekwisha kuanza.

Julai 1916, Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, iliamriwa izamishwe. Lakini mafundi wake hawakuwa na moyo wa kuiharibu. Waliipaka mitambo grisi nene, wakajaza mchanga melini, wakaizamisha taratibu, kwa nia ya kurudi kuichukua. Wajerumani hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na ilipokaguliwa ikaonekana kwamba injini na boila bado zinafaa kwa kazi. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Chuma kilichokaa chini ya ziwa miaka mingi kilitoka kizima, kwa sababu palikuwa na mtu aliyekipaka grisi.

Hatuwalaumu mafundi wale. Fundi huipenda kazi ya mikono yake. Na meli yenyewe imetenda mema. Mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 iliwatoa Kagunga wakimbizi wa Burundi waliosongamana ufukoni huku kipindupindu kikiwaua. Linalotuuma ni jingine.

Vita ile ile ilipita kwetu. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilitoka Mwanza, likapita Shinyanga kuelekea Tabora, ambayo Wabelgiji walitangulia kuiteka mwezi Septemba. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Unga na risasi vikachukuliwa vichwani na watu. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na sifa ya upagazi tangu enzi za misafara, basi pande zote ziliwatafuta. Wengine walikwenda kwa ujira, wengine walikamatwa. Wanahistoria hukadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao laki moja, walio wengi kwa kuhara, malaria na uchovu, si kwa risasi.

Ofisa wa Kizungu aliwekewa jiwe lenye jina. Mpagazi hakuwekewa. Wala huu si uvumi wa vijiweni: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Injini ilipata wa kuipaka grisi. Mtoto wa mtu hakupata wa kuandika jina lake.

Radhi ya London tumeisikia. Lakini majina hayako London, yako kwenu. Wamo humu ndani ambao babu wa baba zao alikwenda na mizigo ya Wazungu asirudi. Habari zake husimuliwa jioni, kisha msimulizi hufariki nazo.

Kwa hiyo tunaiomba kila jumuiya ndogo ndogo ipitie kaya kwa kaya, na hasa iwakalie wazee wenye umri mkubwa kabla msimu wa kulima haujaanza. Jina likiwa moja tu, bila mwaka wala kijiji alichofia, liandikwe. Kama hakubatizwa, aandikwe pia, maana waliomtwika mzigo hawakumwuliza dini. Daftari zifike parokiani kabla ya mwisho wa Oktoba, ili majina yasomwe katika Misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Asiyejua kuandika aje baada ya Misa ya Jumapili. Katibu wetu atakuwa amekaa nje ya mlango wa kanisa na kalamu mkononi.