Usiache Nambari Yako ya Siri kwa Saiba



Ndugu zangu vijana, wavulana kwa wasichana. Leo siongei siasa ya kura. Naongea juu ya kitu kinachotunyima haki kimyakimya: kutojua kutumia kompyuta na intaneti kwa faida yetu.

Najua karibu kila mmoja hapa ana simu, na TikTok mnaijua kuliko mimi. Lakini serikali imehamia eCitizen. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema cha polisi, vyote viko huko. Ukimaliza kidato cha nne, nafasi ya chuo ni KUCCPS, mkopo ni HELB, nambari ya ushuru ni KRA. Zote mtandaoni.

Asiyejua anaenda saiba. Kijana wa saiba anamfungulia baruapepe, anamwekea nambari ya siri, anamjazia fomu. Siku ujumbe wa mkopo ukija, mwenyewe hawezi kuufungua, na yule kijana ameshahama. Mwaka mzima wa masomo unaweza kupotea hivyo. Si kwamba hana akili. Hakupata mtu wa kumfundisha wiki mbili tu.

Wengine wako nyuma zaidi. Bila kitambulisho husajili laini kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa. Jamaa zetu wa Garissa, Wajir na Mandera wanajua msasa ulivyowachelewesha. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini kule Wajir tamko la kuuondoa. Vizuri, lakini tamko si kitambulisho mkononi. Umefika miaka 18? Nenda kaombe. Ukirudishwa bila sababu, andika tarehe, ofisi, na ulichoambiwa, kisha utuletee.

Na hatuombi sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 55, inaitaka serikali ihakikishe vijana wanapata elimu na mafunzo yanayofaa. Kifungu cha 56 kinazitaja jamii zilizotengwa. Mpango wa Ajira Digital upo tangu 2016. Basi tuulize: kwetu umefika wapi?

Kuuliza kuna njia yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua, hata kwa Kiswahili. Peleka kwa kaunti au ofisi ya NG-CDF. Uliza: kompyuta ngapi zilinunuliwa, ziko wapi, vijana wangapi wamefunzwa? Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Wana siku 21 za kukupa uamuzi. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Lakini tusikae tukingoja barua. Madrasa zetu zina vyumba vinavyokaa tupu jioni. Laptopu mbili na kijana mmoja wa chuo aliye likizoni, darasa limeanza. Somo la kwanza: kila mtu afungue baruapepe yake mwenyewe, aweke nambari ya siri anayoijua yeye peke yake. La pili: kujaza fomu. La tatu: kuwatambua matapeli. Na dada zetu wapangiwe saa zao, wasiambiwe wasubiri wavulana wamalize.

Sisi ni umma ambao amri ya kwanza kuteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ilikuwa kusoma. Haifai tuwe watu wa kusomewa fomu zetu na wengine.

Nani ana laptopu nyumbani? Nani ana chumba? Andika hapa chini mtaa wako, tuanze.

Allah atufanyie wepesi. Wabillahi tawfiq.