Mto Wetu na Nyumba Zetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliambiwa nizungumzie kazi ya serikali. Nimemwomba Mwenyekiti ruhusa nizungumzie mto, maana wengi wetu tulilipiwa karo na Mto Tana, kwa maembe, ndizi na mpunga, au kwa ng'ombe walionyweshwa humo.

Kila kijana hapa amefundishwa kwamba Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unakaribia kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, hupita katika mabwawa matano, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yateremke Garissa, Hola na Garsen hadi Bahari ya Hindi. Ndiyo sababu mafuriko yaweza kutufikia siku ya jua kali. Mvua imenyesha kwa wengine, sisi twapokea maji. Masinga lilipomalizika mwaka 1981, wako waliodhani kwamba sasa mto umefungwa kamba. Bwawa hupunguza kishindo cha mafuriko madogo, ni kweli, lakini likishajaa, maji yanayozidi hayana njia nyingine ila kuja kwetu. Tuliona hivyo 1997, tukaona 2018, tukaona tena 2023 na 2024.

Mwaka 1997 nilikuwa Kidato cha Tatu. Shule ilipofungwa mwezi Novemba, barabara ilikuwa imekatika, nasi wachache wa mbali tukabaki bwenini tukila mahindi ya stoo. Nilifika nyumbani Januari, sehemu ya mwisho kwa mtumbwi. Watu wetu wote walikuwa hai, Mungu ashukuriwe, lakini nyumba ilikuwa imelala chini. Nilimkuta nyanya yangu juu ya kilima chini ya turubai, nikampa pole ya nyumba. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kitu. "Nyumba ni udongo na makuti, mjukuu wangu," akasema. "Mbegu yangu ndiyo iliyokwenda."

Sikumwelewa mpaka maji yalipopungua. Udongo uliobaki ulikuwa mweusi na wenye unyevu, shamba ambalo mkulima huliomba miaka mingi, nasi hatukuwa na hata kibaba cha mpunga wa kupanda. Mahindi ya msaada yalikuja, lakini yalikuwa ya kula. Jirani yetu mmoja alikuwa ametundika vibuyu vyake vya mbegu juu ya mwembe, akapanda, akavuna. Sisi tulikaa tukitazama majani yakiota. Mwaka ule karo ilitosha mtoto mmoja tu, nikarudishwa shule mimi kwa kuwa mtihani wangu ulikuwa karibu. Dada yangu alitolewa, na hakurudi tena. Sasa yuko Garsen na watoto wake wanne. Katika hesabu alikuwa akinishinda.

Mtu angetarajia kwamba mimi, niliyeyaona hayo na kisha kupelekwa Chuo Kikuu, ningekuwa na akili zaidi. Mwaka 2018, wakati wa masika, nilikuwa afisa katika ofisi ambayo sitaitaja. Onyo lilitufikia kwamba mabwawa yamejaa. Niliandika barua safi, nikataja kiasi cha maji kwa mita za ujazo kwa sekunde, nikapiga muhuri, nikaipeleka vijijini mwenyewe. Niliisoma mbele ya wazee. Mzee mmoja akainua mkono kwa adabu, akauliza: "Mwanangu, mita hizo zinafika wapi kwenye ule mkuyu?"

Sikuwa na jibu. Naye hakuwa akinidhihaki. Alitaka kujua kama maji yatafika kwenye mizizi au kwenye tagaa la kwanza, maana yakifika tagaa la kwanza huhama, na yakiishia mizizini hubaki kulinda ndizi zake. Maji yakitoka mabwawani huchukua siku kadhaa njiani, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Tuliutumia kubishana. Walihama usiku, maji yakiwa magotini, mbegu na vyeti vikiachwa ndani.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyofanya kazi. Nikifika kijijini, kwanza naomba nionyeshwe mahali maji ya 1997 yalipofika, na yale ya 2018. Wazee wanayajua yote kwa mti na kwa ukuta. Tunapaka mstari wa rangi hapo. Kisha kila nyumba huchagua alama yake: maji yakigusa hapa, wazee na watoto wanakwenda kilimani siku hiyo hiyo, mchana, bila kikao kingine. Nani atamshika bibi mkono, nani atafungua mbuzi, hayo husemwa wakati wa kiangazi, watu wakiwa wametulia. Mnakumbuka mwalimu wetu wa bweni alivyokuwa akitutoa usiku kwa kengele, tupange mstari uwanjani kana kwamba kuna moto? Tulimlaani sana. Lakini tuliweza kutoka watu 60 gizani bila kukanyagana.

Mbegu ziwekwe katika debe lenye kifuniko, juu ya dari au, afadhali zaidi, kwa ndugu anayekaa juu. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule vitiwe katika mfuko wa plastiki pamoja na dawa ya kutibu maji, maana kipindupindu hufuata mafuriko kama mbwa anavyomfuata mwenyewe. Wafugaji nao wakumbuke homa ya Bonde la Ufa iliyokuja baada ya mvua za 1997 na tena za 2006: mnyama mgonjwa asichinjwe. Na anayechelewa kuhama hulazimika kupanda chombo chochote kinachopita. Aprili 2024 barabara ya Madogo kwenda Garissa ilifunikwa na maji, mashua ikazama hapo, watu wakafa.

Vijana, naona wengine wenu mnatabasamu, mkidhani hayo ni ya machifu na wazee. Nyumbani kwenu ni nani anayeweza kusoma tangazo, kulieleza kwa lugha ya nyanya yenu, na kulinganisha na mti? Ni ninyi.

Bwana Mwenyekiti, sikuja mikono mitupu. Nina makopo manne ya rangi nyeupe na brashi katika gari. Mwalimu Mkuu amekubali Kidato cha Tatu watoke nami kesho asubuhi, saa moja, tushuke mtoni pamoja na wazee wawili wa kijiji hiki. Tutaanza na mkuyu ulio nyuma ya uwanja wa mpira. Asiyejua kuogelea asikaribie ukingo, na viatu vya shule viachwe bwenini.