Radi na Ndugu Zetu

(Hotuba ya mwalimu katika mkutano wa kumbukumbu, Kampala)



Tunawakumbuka wenzetu 14 waliouawa na radi katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, tarehe 2 Novemba 2024. Walikuwa wamekusanyika kwa sala katika jengo la mabati, na wengi wao walikuwa watoto. Wengine 34 waliumia. Kabla ya hapo, Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo.

Marehemu tunawaombea. Lakini leo naomba tuwafikirie pia waliopona.

Mdogo wangu wa kike anaishi katika makazi mengine hapa Uganda. Msimu uliopita wa mvua radi ilipiga mti karibu naye alipokuwa akianua nguo. Alianguka, akazimia. Majirani walisimama mbali, wakihofu kwamba mwili wake una moto wa radi. Alipozinduka, wengine walianza kuulizana ni nani amemtumia. Mpaka sasa masikio yanamlia, usingizi haupati, na wingu likitanda anatetemeka. Nikimpigia simu hunijibu, "Mimi mzima, kaka." Sauti yake inaniambia vingine.

Ndugu zangu, mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse bila hofu. Kama hapumui, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka, mpulizie pumzi ikiwa unajua, huku mwingine akikimbilia msaada. Wengi hufa kwa sababu moyo umesimama, na dakika chache za kuogopa zinaweza kuwa ndizo za kumwokoa.

Tena, radi haitumwi na mtu. Huzaliwa katika mawingu mazito, na sisi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria tuko katika sehemu ya dunia yenye ngurumo nyingi sana. Neno la uchawi humuumiza mara ya pili mtu aliyekwisha kuumia, na huweza kumwangukia jirani asiye na kosa.

Ukisikia ngurumo, radi iko karibu vya kutosha kukufikia. Ondoka shambani, kisimani, uwanjani na chini ya mti. Kibanda cha turubai au cha mabati kisichofungwa kinga ya radi si kimbilio la kutegemea. Gari la bati lililofungwa vioo ni afadhali. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Wageni wetu wa mashirika, tunayo maombi mawili. Kwanza, shule na nyumba za ibada katika makazi zifungwe kinga ya radi. Hapa Kampala kipo kituo cha ACLENet kinachofanya kazi hiyo mashuleni, na Runyanya yenyewe ilifungiwa baadaye. Pili, waliopona wapimwe masikio, wapate na mtu wa kuzungumza nao. Mtu asiye na kidonda cha kuonekana hurudishwa nyumbani upesi mno.

Na sisi wenyewe, tusiridhike na jibu la "mimi mzima". Twende tukakae na ndugu zetu mvua inaponyesha.