Fedha ya Mkimbizi, Soko la Mwenyeji

Mtoni kwa Azizi Ali, kando ya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, wakala wa pesa za simu hahitaji ofisi. Mwavuli, kimeza cha mbao na simu mbili vinamtosha. Mama aliyelipwa na TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, anatoa hela pale, anavuka hatua chache, ananunua dagaa na mkaa. Kabla ya magharibi muuza mkaa naye yuko kwa wakala yuleyule, anamtumia mzazi wake aliye kijijini. Wakazi wa Temeke hawakufundishwa hili na mtu: hela ya mlengwa ni mtaji wa jirani yake.

Mkoani Kigoma jambo hilohilo liliwahi kujaribiwa kwa wakimbizi, likakatika katikati.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini. Burundi ilipochafuka mwaka 2015, kambi ikafurika. Kwa miaka mingi chakula pale kilikuwa mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP): unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi. Mtu aliyelelewa kwa ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, hukila kwa shida. Akitaka kisamvu, dagaa au kuni, huchota sehemu ya unga wake akamuuzia mwanakijiji kwa bei ya hasara. Hapo msaada hupungua thamani mara mbili, kwa anayeuza na kwa mkulima jirani ambaye mahindi yake sasa yanashindana na unga wa bure.

Desemba 2016 WFP lilianza kuwapa watu 10,000 fedha badala ya chakula, shilingi 20,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Katikati ya 2017 walikuwa wamefika 80,000. Zidisha: ni takribani shilingi bilioni 1.6 kila mwezi, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ingeweza kuishia kwa wakulima wa maharage, wachuuzi wa mihogo na wenye mashine za kusaga wa Makere na vijiji vya jirani. Agosti 2017 Serikali ikaelekeza mpango usitishwe. Kuanzia 2018 masoko ya kambini nayo yakabanwa, mengine yakafungwa.

Mwaka huohuo wa 2017 ulizinduliwa Mpango wa Pamoja wa Umoja wa Mataifa Kigoma, uliolenga hasa wenyeji: kilimo, masoko, ajira za vijana na wanawake, maji, elimu. Ulikuwa mpango mzuri na uliohitajika. Lakini mnunuzi mkubwa kuliko wote, yaani kambi, alikuwa amenyang'anywa pochi mwaka uleule mkulima alipokuwa akiandaliwa kuzalisha zaidi. Huku ndiko kukosa uratibu kunakoumiza. Watu huzoea kulaumu mashirika kugongana, mawili kumpa mtu mmoja ndoo mbili. Kugongana huonekana, na hurekebishika. Kupishana hakuonekani mpaka mazao yaoze ghalani.

Jirani zetu wametangulia, na makosa yao yana somo. Nchini Kenya WFP lilianza Bamba Chakula mwaka 2015 katika kambi ya Kakuma, kisha Dadaab: salio la simu la kununulia chakula kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, wakimbizi na wenyeji. Kalobeyei, makazi yaliyofunguliwa 2016 jirani na Kakuma, yalipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji Waturkana pamoja. Hata hivyo salio lile halikununua kuni wala sabuni, na halikufika siku zote kwa wakati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuta kaya nyingi zimezama kwenye madeni ya dukani. Mwenye duka hushika laini au kadi ya mteja kama rehani, na aliyeweka rehani hiyo hawezi tena kwenda duka la pili kuuliza bei. Ushindani hufa hapo. Mwaka 2019 Kalobeyei ikaanza kuhamia fedha isiyo na masharti ya matumizi.

Uganda imejiwekea kanuni ya asilimia 30 ya msaada kuwafikia wenyeji. Asilimia ni jambo la kuanzia tu. Zahanati iliyojengwa kwa fedha hiyo haimpi mkulima mnunuzi.

Tanzania haikosi nyenzo. TASAF inazijua kaya maskini kijiji kwa kijiji na mtaa kwa mtaa. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikoba vipo Kasulu kama vilivyopo Mtoni. Kinachokosekana ni meza moja ambapo anayepanga mgao wa kambi anaketi na afisa biashara wa halmashauri, mratibu wa TASAF na wakulima wenyewe. Mwanamke wa Makere aliyekopa apande maharage hawezi kulipa rejesho ikiwa soko limefungwa wiki ya mavuno, na hakuna aliyemwambia kabla.

Juni 2023 mgao wa wakimbizi nchini ulishushwa hadi nusu ya kiwango kamili kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Kikombe kilichopungua kambini kilipungua pia katika mauzo ya kijijini, na vijana wakazidi kutoka kutafuta vibarua mashambani kinyume na Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayowataka wakae maeneo waliyotengewa mpaka wapewe kibali.

Wengine huja mpaka Dar es Salaam. Mtafiti Marc Sommers aliandika mwaka 2001 kuhusu vijana wa Kirundi waliotoka makazi ya wakimbizi wakajificha jijini kama mafundi cherehani. Walijipatia riziki kwa mikono yao, lakini kwa kujificha, na anayejificha hakopesheki, hasajili laini, hafungui kikoba.

Pendekezo langu ni dogo, na linaanzia Kasulu. Kabla mgao wa mwezi haujapangwa, iwe kwa magunia au kwa fedha, wajumbe wa ile meza moja wapelekewe bei ya debe la mahindi na la maharage sokoni Makere wiki hiyo, iliyochukuliwa na wafanyabiashara wa pande zote mbili, kambini na kijijini. Debe likishuka, chakula kinunuliwe pale. Likipanda, magunia yaletwe kutoka nje, na siku ya malipo isiangukie siku moja na ya TASAF.