Kiboko analisha ziwa, ziwa inatulisha sisi

Maneno yaliyosomwa na vijana wa harakati yetu ya raia mbele ya wavuvi, wamama wauza samaki na wanafunzi, Butembo, tarehe 22 Mei, siku ya kimataifa ya viumbe hai vya kila aina

Wamama, wababa, wandugu wavuvi, wanafunzi, vijana wenzetu,

Tunajua kwamba kwa mama anayeuza samaki, kuacha meza yake asubuhi ni kupoteza franga. Kwa hiyo hatutazunguka.

Kuna watu walituuliza wiki hii: "Ninyi vijana tunawazoea kwa mambo ya usalama, barabara, maji na taksi zisizoeleweka. Leo njo munaanza kuongea juu ya viboko? Watu wanachinjwa, ninyi munalilia nyama wa pori?" Ni swali la haki, na tunalijibu mbele yenu. Hatukuja kulilia nyama wa pori. Tulikuja kuongea juu ya samaki anayekosekana kwenye sahani, juu ya watu waliomfanya akosekane, na juu ya haki ambayo tunaweza kuidai.

Ziwa inakula nini?

Ziwa Edouard munalijua wote. Lina zaidi ya kilometa za mraba 2,000, na sehemu kubwa iko upande wetu wa Kongo. Ingine iko Uganda. Mito Rwindi, Rutshuru na Ishasha inaingia upande wa kusini. Semliki inatoka pale Ishango na kupeleka maji hadi ziwa Albert, na kutoka huko mpaka Nil. Upande wetu, ziwa lote liko ndani ya Parki ya Virunga, na uvuvi unaruhusiwa kwenye vituo vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Samaki tunayokula hapa Butembo, mingi inapandia Kyavinyonge.

Sasa, samaki huyo anakula nini? Tuanze na kiboko. Mchana analala ndani ya maji juu jua linamchoma ngozi. Usiku anatoka, anatembea kwenye majani na kula. Kiboko mmoja mkubwa anakula karibu kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Asubuhi anarudia maji, na huko ndani njo anaacha mavi.

Musicheke. Hakuna mkulima hapa ambaye hajui kazi ya mavi ya ng'ombe kwenye shamba. Mavi ya kiboko ni mbolea ya ziwa. Inakuza vimajani vidogo sana vya maji, ambavyo jicho haliwezi kuona kimoja kimoja. Tunaona tu maji yanageuka rangi ya kijani. Vidudu vidogo vya maji vinakula vile vimajani. Tilapia anakula vimajani, na vidudu pia. Bagrus na kambare wanakula samaki wadogo. Juu yao kuna mwari, mnandi na furukombe. Na juu ya wote kuko mtu na wavu wake. Hata yule marabu, ndege mwenye upara anayetembea pwani kama mzee mwenye deni, ana kazi yake: anakula matumbo ya samaki yaliyotupwa, na pwani haiozi.

Kwa hiyo kiboko anafanya kazi ya lori. Kila usiku anabeba chakula kutoka nchi kavu na kukishusha ndani ya ziwa, bila mafuta, bila shofere, bila bariere. Na kule anakokula, majani yanabaki mafupi na mabichi, na swala wanapata mahali pa kula. Kazi moja, faida mbili.

Hesabu ambayo inatuumiza

Miaka ya 1970, viboko wa Virunga walikuwa karibu 29,000. Hakukuwa mahali pengine Afrika penye viboko wengi vile pamoja. Miaka 30 tu ilipita. Kufika katikati ya miaka ya 2000, walipohesabiwa, walikuwa wamebaki chini ya 1,000.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Viboko 29,000 mara kilo 40: ni zaidi ya tani 1,000 za majani kila usiku, na sehemu kubwa ya mbolea yake ilikuwa inaingia kwenye maji. Viboko 1,000 mara kilo 40: ni tani 40. Mkulima akinyimwa mbolea kwa kiasi hicho, mutamuuliza juu ya nini mavuno yalianguka?

Lakini hatutadanganya mtu hapa. Kiboko peke yake haielezi yote. Ziwa lilipigwa mara mbili: chini walilinyima chakula, na juu walilivua bila kipimo.

Angalieni tilapia anavyozaa. Dume anachimba tundu kwenye maji mafupi karibu na pwani. Jike anataga mayai hapo, kisha anayachukua na kuyaweka ndani ya mdomo wake. Yanaangulia mdomoni, na hata watoto wakikwisha kuogelea, wakiona hatari wanarudi kukimbilia mdomo wa mama. Yale maji mafupi njo materniti ya samaki. Na ni pale pale njo mtu anapitisha wavu wa macho madogo usiku. Akimkamata mama mmoja, amekamata na watoto wote. Anauza kilo moja leo, na amekula samaki ya mwaka unaokuja.

Nani alifanya hivyo?

Viboko hawakufa kwa ugonjwa. Waliuawa kwa risasi. Tangu vita vya miaka ya 1990, kila kundi lenye silaha lililopita bondeni lilikula viboko, liliuza nyama yao na meno yao, juu meno ya kiboko yanauzwa kama pembe ya tembo. Na tuseme ukweli wote: kati ya waliopiga risasi kulikuwa pia watu waliovaa sare ya taifa, ambao mshahara haukuwafikia na ambao hakuna aliyewauliza kitu.

Ziwani ni mchezo ule ule. Pirogi zinazoruhusiwa zina hesabu yake na namba yake. Zinazoingia majini zinapita mbali hesabu hiyo. Je, ni mvuvi peke yake ndiye mwenye kosa? Mvuvi analipa kwa serkali. Kisha analipa jeton kwa mwenye silaha ili apite. Kisha analipa tena ili arudi. Akikamatwa upande wa Uganda, analipa ili aachiliwe. Jioni anahesabu: hata wavu hajalipa. Kesho yake anaenda na wavu wa macho madogo zaidi. Aliyemsukuma pale anakula bila kulowa maji.

Hapo njo tunawajibu wale walioshangaa. Kifo cha kiboko na kifo cha raia katika hii nchi vina baba mmoja: mtu mwenye silaha ambaye hakuna sheria inayomgusa. Ukimwacha aue nyama ndani ya parki miaka 30, usishangae siku anayotoka ndani ya parki na kuingia kijijini. Na walinzi wa parki wanajua hilo kuliko sisi: zaidi ya 200 waliuawa wakiwa kazini. Ni watoto wa hapa, ni wababa wa familia za hapa. Tunawaheshimu.

"Parki inakula udongo yetu"

Tunalisikia neno hili kila mahali, na hatutalifunika. Parki iliundwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, na ikapewa jina la mfalme wao Albert. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 100. Wazee wetu hadi leo wanasema kwamba mipaka iliwekwa bila wao kusikilizwa vizuri. Mama ambaye tembo alimaliza mihogo yake usiku mmoja, ukimwambia Virunga ni urithi wa dunia tangu 1979, atakuuliza: dunia hiyo itanilipa mihogo lini? Ana haki.

Lakini kuna tofauti kati ya kudai haki na kuchoma nyumba. Tukimaliza parki, hatutagawanya udongo. Watagawanya wenye silaha na wenye vyeo, kama walivyogawanya mengine. Makala inayotoka kwenye msitu inaonyesha: mama mchoma makala anabaki masikini, jirani yake anabaki bila miti, na pesa inapanda kwa bariere. Tunataka parki inayolindwa na inayogawana na wakaaji. Mitambo ya umeme ya Mutwanga na ya Matebe ilionyesha kwamba maji yanayotoka kwenye parki yanaweza kuwasha taa na mashini za raia. Sasa swali ni: taa hiyo inafika kwa nani, na kwa bei gani?

Kitu kilichovunjika kinaweza kurudi

Mwaka 2020, mamia ya tembo walivuka kutoka Uganda na kurudia bonde la upande wetu. Hawakulipa karatasi ya kuvuka pale Kasindi. Walirudia kwao, juu walinzi walikuwa wamefanya mahali pale pawe na utulivu kidogo. Na walipofika walianza kazi. Vichaka vilivyokuwa vimefunga bonde kwa miaka mingi walivivunja na kuvikanyaga. Majani yakarudi, na nyati na ngiri wakafuata.

Hakuna mradi ulioandikwa wa kukata vichaka hivyo. Tembo walifanya wenyewe. Hilo linatufundisha jambo moja: wanyama na mimea wanajua kutengeneza nyumba yao, wakiachiwa nafasi. Kazi yetu raia ni kuhakikisha nafasi hiyo ipo.

Tunadai nini?

Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi, na inasema pia kwamba ana wajibu wa kuyatetea. Haki na wajibu, yote mawili. Kwa hiyo:

1. Kwa serkali na wakubwa wa jeshi: yeyote mwenye sare anayeua nyama wa parki au anayekula jeton ziwani apelekwe mbele ya mahakama ya kijeshi, wazi, raia wakiona. Kumhamisha kikosi haiko malipizi. Sheria ya kulinda viumbe iko tangu tarehe 11 Februari 2014. Tumechoka kuiona ikifunga mama wa makala na kumwacha mwenye lori.

2. Kwa ICCN na wanaoongoza uvuvi: hesabu ya pirogi zinazoruhusiwa ibandikwe ukutani katika kila kituo, pamoja na majina ya wenyewe. Taksi zote za ziwa ziandikwe, na iwe mahali moja pa kulipa. Mipaka ya materniti za samaki iwekwe alama ambazo mvuvi anaweza kuona hata usiku.

3. Kwa ICCN tena: mtu ambaye shamba lake liliharibiwa na tembo, kiboko au nyati asikilizwe haraka na alipwe. Mtu aliyelipwa haweki sumu.

4. Kwa wavuvi, wababa zetu na wakubwa zetu: wavu wa macho madogo munaujua, na mwenye kuuleta munamjua. Kamati zenu zina nguvu kuliko barua zetu. Ziwa likipumzika, ni ninyi wa kwanza kula.

5. Kwa wamama wa soko: samaki mdogo kama kidole akikosa mnunuzi, hatavuliwa. Tunajua munanunua kile kinacholetwa, na mtoto nyumbani anangoja. Ndiyo maana tunaomba tukae pamoja, soko kwa soko, tukubaliane wote siku moja, ili asiwepo mama mmoja anayekataa peke yake huku jirani yake anauza.

6. Kwetu vijana: tutakwenda Kyavinyonge kila mwezi, tutaandika taksi zinazoombwa na nani aliziomba, na tutazisoma mbele ya watu kama tunavyosoma leo. Bila jiwe, bila fimbo. Karatasi, kalamu na sauti.

Tunamaliza hivi. Mwenye kutuambia kwamba mambo ya viumbe ni mambo ya wazungu, tumuulize kama sombe na samaki vilikuwa vya wazungu. Wazee wetu waliweka miiko juu ya nyama fulani na juu ya misitu fulani kabla ya barua ya mfalme yeyote. Walijua kwamba ukivuta uzi mmoja, nguo yote inafumuka. Sisi tulikuta nguo imefumuka nusu. Tutaishona, na atakayevuta tena tutamtaja.

Kiboko alishe ziwa. Ziwa ilishe watu. Watu walinde vyote viwili.

Sasa maneno ni yenu: mvuvi wa kwanza ashike mikro.